Mteremko Uliopukutika

Wenzake kazini walimwita Mama Vipimo, na jina likamkaa kama nguo ya kushonewa. Kwa miaka ishirini na mitatu, kila asubuhi saa tatu, alifungua kipimamvua nyuma ya ofisi ya misitu, akasoma na kuandika daftarini. Hata kiangazi. Mumewe, fundi cherehani, alimtania kwamba analipwa kupima hewa. "Sifuri nayo ni habari," alijibu.

Mwaka huo akaja mkuu mpya, msomi mwenye haraka zake, mzaliwa wa upande ambako mvua haikatiki na msitu hauvui nguo. Alipouona mteremko mzima umepukutika, akaagiza, "Wiki ijayo waje watu wa misumeno. Miti iliyokufa ikatwe, tupande mingine."

Kumbishia mkubwa si mchezo, ila kunyamaza kulimshinda Mama Vipimo.

"Samahani, mkuu. Haijafa. Imefunga mkanda."

"Mama, kwani mimi sina macho?"

"Unayo. Twende basi ukayatumie kwa karibu."

Wakapanda, majani makavu yakilia chini ya viatu. Mama Vipimo alikwangua gome la mti mmoja kwa kisu. Ndani kukaonekana kijani kibichi. Akamweleza kwamba huku mvua hunyesha miezi mitano tu, kisha hukatika. Mti ukibaki na majani, maji yake yote hupotelea humo. Kwa hiyo huyaangusha, ukaishi kwa akiba. Bondeni, kando ya kijito, udongo haukauki, ndiyo maana kule bado ni kijani.

"Nipe wiki sita," alisema. "Nikikosea, msumeno nitaushika mwenyewe."

Mkuu akakuna kidevu. "Sita. Si saba."

Wiki ya nne ikapita, matawi yako vilevile. "Nianze kukushonea ovaroli?" mumewe akauliza. Mama Vipimo hakucheka.

Wiki ya tano, kipimamvua kikiwa bado kikavu, hewa ilianza kuwa nzito, shuka zikichelewa kukauka kambani. Asubuhi moja akaona majani machanga mekundu, madogo kama ulimi wa paka, mteremko mzima. Akakimbia, na miaka yake hamsini na minne, akaingia kwa mkuu bila hodi.

Mkuu alimfuata hadi mteremkoni, akaitazama ile miti. "Bila hata tone?"

"Mizizi ina akiba chini. Mvua ikija, iyakute majani tayari."

"Mama, mimi nina shahada mbili!"

"Hongera, baba. Mimi nina madaftari kumi na tisa."

Mkuu akacheka hadi akashika kiuno, kisha akawapigia watu wa misumeno wasije. Mama Vipimo alirudi nyumbani mapema, akala akashiba, akalala usingizi wa mchana ambao hakuwahi kuuonja tangu aolewe.