Nilimsingizia binti yangu kuwa ndiye aliyefuta majina ya marehemu wetu

Jina langu lifichweni, umri andikeni: miaka sabini na nne, na hadi leo natembea mpaka Kibiti mjini bila mkongojo. Shule niliishia darasa la tatu, lakini ndimi mkubwa wa ukoo, na mimi ndiye ninayesoma majina ya marehemu wetu kwenye hitima ya kila mwaka kabla ya Ramadhani. Haya naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Miaka ile soko lilipofunguliwa na bidhaa za kila namna zikawa zinaingia, nilikuwa na mashine ya kukoboa mpunga Ikwiriri. Iliunguruma miaka kumi na moja, fundi sikumruhusu aiguse. Siri yangu moja tu: kinachozunguka usikifungue. Baadaye nikanunua kompyuta iliyotumika kutoka Dar, nikafungua duka la kuchapa barua pale Kibiti, kwa jenereta. Kabla yangu sikumwona mwingine. Aliyekaa kwenye kiti ni binti yangu wa pili, alisomea kazi hiyo Dar miezi sita.

Wakati huo wazee wetu wa Maparoni, kule deltani, walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Kule makaburi mengi mto ulishayachukua, marehemu wamebaki majina tu, na majina yalikuwa vichwani mwa wazee watano. Nikamtuma binti. Alikaa nao mwezi mzima, akajaza madaftari matatu: nani mtoto wa nani, mpaka babu wa tisa. Akayaingiza yote kwenye kompyuta. Madaftari nikampa mama mmoja muuza vitumbua afungie vitumbua vyake, nikijigamba kwamba kompyuta hailiwi na mchwa.

Binti aliniambia mara nyingi. Ile programu kubwa inayoendesha mashine nzima imezeeka, ina matundu. Wenyewe walioitengeneza wametoa marekebisho, mwalimu wake wa Dar anayo kwenye CD, na tusipoyaweka virusi vitaingia na disketi za wateja. Nikamwuliza mbele ya watu, "Mashine haijapiga hata chafya, unataka kuipeleka hospitali?" Wateja wakacheka. Akaomba basi angalau ayachape majina kwenye karatasi. Nikasema tungoje upande wa bibi ukamilike, tutoe kitabu kizuri. Akaenda Dar mwenyewe, akaileta ile CD. Nikamnyang'anya, nikaitia mfukoni mwa koti.

Haukupita muda. Mteja alikuja na disketi yake, barua ya kuomba kazi. Kesho yake kila tulichofungua kilitoa alama alama tu. Binti alikaa chini sakafuni. CD ilikuwa bado mfukoni mwangu.

Wazee wa ukoo walipokuja kuuliza, nikasema binti kaleta nyimbo zake za Dar, ndizo zilizoua mashine. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Akaniangalia, akaliweka sinia chini. Mwezi uliofuata alihamia Mtwara. Mpaka leo watoto wake wakija harusini kwetu wanaitwa watoto wa mfutaji.

Wale watano wa Maparoni waligoma kusema tena. Walisema hawawezi kuwakabidhi marehemu kwa aliyewapoteza. Mwaka wa pili wote walikuwa wameshazikwa.

Sasa kubwa ni hili. Hitima ilipofika, watu wamekaa mkekani wananisubiri mimi. Niliyoyakumbuka nikayasoma, hayakufika hata arobaini. Yalipoisha sikuweza kunyamaza, mtu kama mimi. Nikatunga. Ukoo mzima ukaitikia amina kwa watu ambao hawakupata kuzaliwa. Nafanya hivyo kila mwaka, na kila mwaka nasifiwa kwa kumbukumbu.

Mwaka huu mtoto wa mdogo wangu, ambaye ni mwalimu, amenijia na kompyuta yake ya kubeba. Anataka nimtajie majina yote ayahifadhi, wajukuu wayapate. Anasema yake huisasisha kila mara, na nakala anaweka mahali pengine, hakuna kitakachopotea. Usingizi ukanitoka pale pale.

Nikampigia binti, nikakiri kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, mimi nilishakusamehe zamani," akasema. "Lakini wale wazee uliowaambia ni mimi wamekufa. Sasa utawaambia kina nani?"

Akaniuliza kama nimekula, akaaga.

Nikisema kweli, ukoo utabaki hauna hata majina ya uongo, maana mimi mwenyewe siku hizi siwezi tena kuyatenga ya kweli na ya kutunga. Nikinyamaza, uongo wangu utahifadhiwa vizuri kuliko ukweli ulivyohifadhiwa, na binti yangu atabaki mfutaji mpaka kwa vitukuu. Mwalimu anakuja Jumamosi baada ya adhuhuri. Nyie mliosoma, akifungua hiyo mashine yake na kuniambia "haya, baba mkubwa, anza," nianze na nini?