Joto Hili Si Langu

"Joto ni lako, mama, si la gari."

Fundi alisema hivyo mbele ya wateja wake, huku anajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, na wateja wakacheka. Mama mdogo hakucheka. Mimi nilikuwa nyuma yake na furushi la mapazia kichwani, nikatamani kumtupia lote usoni.

Mama mdogo ni mdogo wa mama yangu mzazi. Mtaani wanamwita Mkasi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Anashona mapazia na vifuniko vya makochi, mimi namsaidia kukata, na kazi ikiisha tunaipeleka kwa gari aliloachiwa na marehemu mumewe. Ni gari refu la zamani, rangi ya maziwa yaliyolala, usukani mpana kama sinia. Marehemu alilipenda kiasi kwamba watu walimtania mama mdogo kuwa yeye na gari ni wake wenza. Alipofariki, mama mdogo alijifunza kuendesha akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na tangu hapo hakumwomba mtu amfikishe popote. Hilo liliwakera baadhi ya watu, ila hawakuwa na pa kulisemea.

Fundi tunamwita Hakuna Tabu, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Tulimpelekea gari kwa ukaguzi wa kawaida, akaifungua injini, akaifunga, akasema hakuna tabu, na tabu ikaanza siku hiyo hiyo. Ukienda mwendo mfupi huhisi kitu. Ukienda mbali, miguu ya dereva inaanza kuchemka, joto linapanda magotini, kisha linakuvaa usoni kama umefunua sufuria. Rula ya plastiki ya mama mdogo ilisahauliwa sakafuni karibu na klachi, ikapinda kama ndizi. Nilimpelekea Hakuna Tabu ile rula. Akasema iliachwa juani. Akawasha gari likiwa bado baridi, akazunguka nalo uwanjani kwake madirisha yote wazi, akashuka.

"Mbona safi? Magari ya zamani ndivyo yalivyo. Halafu na mama naye, umri wake ule..."

Akanikonyeza, eti nielewe. Nilielewa sana. Nilielewa kwamba mwanamke akisema gari linaungua, kinachopimwa ni mwanamke.

Neno lile likasafiri. Lilimfikia mtoto mkubwa wa mama mdogo, kaka yangu mwenye ofisi yenye kiyoyozi, naye akampeleka mama yake hospitali. Daktari alimuuliza umri kabla ya kumuuliza anaumwa nini, na aliposikia umri hakuuliza tena. Akampa vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mama mdogo akavimeza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alivimeza. Mtu asiyekubali pindo lipotoke hata upana wa uzi, alianza kusimamisha cherehani katikati ya kazi, anajishika shingo, ananiuliza, "Mwanangu, kwani humu ndani kuna joto, au ni mimi?"

Kisha mchana mmoja, akitoka kumchukua mjukuu wake shuleni, kizunguzungu kikamshika njiani. Aliwahi kuegesha pembeni, akafungua mlango, akakaa kwenye ukingo wa barabara huku mjukuu analia. Wapita njia wakampigia kaka simu.

Jioni ile kaka alichukua funguo. "Mama, ungeniulia mtoto," alisema.

Na shemeji yake mama mdogo, mdogo wake marehemu, ambaye tangu mazishi alikuwa hapiti karibu na gari lile bila kulipapasa, akasema kwa huruma nyingi, "Basi shemeji, nitalitunza mimi. Wewe pumzika." Wakapanga alichukue Jumapili baada ya chakula cha mchana. Hakuna aliyemuuliza mwenye gari.

Mama mdogo hakubishana. "Niachieni ufunguo hadi hiyo Jumapili nilisafishe," alisema. "Sitalitoa langoni." Kaka akampa mmoja, ule wa akiba akabaki nao mfukoni.

Asubuhi yake nilimkuta amevaa suruali ya kazi ya marehemu, miguu ameikunja kwa pini.

"Leta lile pazia jeusi la ukumbi," akaniambia.

Tulilifunika gari sehemu yote ya abiria, vioo kwa milango, mpaka ndani kukawa giza totoro. Mbele tukaacha boneti wazi, jua likamwagika juu ya injini. Mama mdogo akaingia chini ya pazia, akalala chali chini ya dashibodi. Kitambaa kilicholiwa na wadudu hukitafutii matundu kwa kidole, unakiinua kwenye mwanga. Na yeye aliukagua vivyo hivyo ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na watu. Akaona matundu mawili yanayopitisha jua, madogo, palipowahi kupita nyaya. Tukakata kandambili kuukuu, tukayaziba kwa vipande vya mpira na gundi. Gundi ilipokauka tukatoa pazia, tukafunga vioo, tukawasha injini, tukakaa kusubiri.

Joto likaja lile lile. Labda likaongezeka, kwa dharau.

Mama mdogo aliipiga dashibodi kwa ngumi. "Joto hili si langu!" akapiga kelele. "Si langu! Si langu!" Jirani alichungulia juu ya ukuta, nikamfukuza kwa macho. Mama mdogo alikuwa analia, na ilikuwa hasira tupu. Watu husema hasira hasara. Siku ile hasira ndiyo iliyomwinua.

"Kama halipiti kwenye tundu," alisema akijifuta pua, "basi limo humu humu."

Akalamba kidole, kama afanyavyo akipima pasi, akaanza kugusa. Ukuta ulikuwa na uvuguvugu. Sakafu vilevile. Akapeleka mkono ndani kabisa, chini ya dashibodi, kwenye sanduku la chuma jeusi ambalo siku zote nilidhani ni la redio. Kidole kikalia tsss. Akauchomoa mkono na tusi ambalo sitaliandika. Tukamulika kwa taa. Nyuma ya lile sanduku zilitoka bomba mbili za mpira, zikapenya ukutani hadi kwenye injini.

Akazifuata zile bomba kwa mwanga wa taa hadi ukutani. Kisha akacheka, cheko kavu.

"Ni jiko," alisema. "Mwanangu, ni jiko!"

Akanieleza. Gari lile lilitengenezwa na watu wa nchi ya baridi, na watu wa baridi huweka jiko ndani ya gari. Maji yaliyochemka kwenye injini hupitishwa kwenye sanduku ili yawapashe miguu. Marehemu alipolileta nyumbani, kazi ya kwanza ilikuwa kulizima jiko hilo. Swichi yake ilikuwa imekwama, kwa hiyo alizichomoa zile bomba kule kwenye injini, akaunganisha matundu yake mawili kwa kipande kimoja cha mpira kilichogeuzwa, maji yakawa yanageuka na kurudi bila kuingia kwa watu. Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyemshikia taa. Miaka ikapita, akasahau kama watu wote kwamba gari linaweza kuwa na jiko.

Hakuna Tabu alipofungua injini aliukuta ule mpira uliogeuzwa. Akaona ni ubabaishaji wa mtu asiyejua kazi. Akautoa, akarudisha bomba mahali zilipokusudiwa. Katika mji ambao hata paka anatafuta kivuli, fundi wetu alituwashia jiko, kisha akasema joto ni la mama.

Nilishika bisibisi nikaelekea kwenye boneti. Mama mdogo akanidaka mkono.

"Liache hivyo hivyo. Mpaka Jumapili."

Jumapili walikuja wote. Shemeji alikuja na miwani mpya ya jua. Kaka alikuja na koti. Hakuna Tabu aliitwa alikague gari kabla halijakabidhiwa, akaja na shati jeupe lenye mfuko kifuani. Mama mdogo aliwalisha vizuri, akawapa maji, kisha akasimama.

"Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake," alisema. "Shemeji, shika usukani. Fundi, kaa naye mbele. Twende hadi kwenye reli na kurudi, ulizoee gari lako."

Sisi watatu tukakaa nyuma, kaka katikati. Vioo vilikuwa vimefungwa, na vile vishikio vya kuvizungushia, mama mdogo alikuwa amevifungua asubuhi na kuvitia mkobani.

Mtaa wa kwanza shemeji alikuwa anapiga honi kusalimia watu. Wa pili akavua miwani. Tulipofika penye maduka, shingo yake ilikuwa inatiririka.

"Kaka fundi," alisema, "hili gari vipi?"

Hakuna Tabu alikuwa ameinua miguu yote miwili kutoka sakafuni. Alipapasa mlango akitafuta kishikio, akapapasa tena. "Mama, kioo hakifunguki! Miguu inaungua!"

"Joto ni lako, baba," alisema mama mdogo, "si la gari."

"Mama, tusimame," kaka akasema. Koti alikuwa amelivua, shati limemganda.

"Tusimame kwa nini? Humu hamna mtoto wa kuua. Shemeji, endesha."

Shemeji hakuendesha. Aliliingiza gari pembeni ovyo, akafungua mlango, akaenda kukaa kwenye ukingo wa barabara kichwa kikiwa katikati ya magoti. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wala hakuna aliyempigia mtu simu.

Mama mdogo alishuka, akainua boneti, akamwita fundi.

"Hapa palikuwa na mpira uliogeuzwa. Uko wapi?"

Fundi alichungulia injini. "Niliona umewekwa vibaya, mama. Nikaurekebisha."

"Ulimuuliza nani?"

"Hakuna ta..." alianza fundi, akaishia kutazama viatu vyake. Mama mdogo akatoa mkobani kipande kipya cha mpira na bisibisi, akamkabidhi. Tukasubiri injini ipoe, mama mdogo amesimama wima, sisi tumekaa. Fundi aliinama na shati lake jeupe, akauweka pale palipokuwa na ule wa marehemu. Kaka alisogea karibu, koti mkononi.

"Ulisema ningekuulia mtoto," mama mdogo akamwambia, taratibu. "Na mimi nikakuamini wewe kuliko miguu yangu. Mmeninywesha dawa ya ugonjwa wa gari."

Akanyoosha kiganja. Kaka akatoa ule ufunguo wa akiba, akauweka pale bila kumtazama usoni.

Mama mdogo akaingia kwenye kiti cha dereva, akarudishia kishikio cha kioo chake, akakiteremsha. Kisha akamwita fundi kwa kidole. Alipoinama dirishani, akamtumbukizia kile kipakiti cha vidonge kwenye mfuko wa shati na kuupigapiga.

"Kimoja asubuhi," alisema, "kimoja jioni."

Akawasha gari, mimi nikiwa kando yake. Wale watatu walirudi kwa miguu.