Mluzi wa Masanja

Siku yangu ya kwanza wodini, Matroni alinikabidhi ndoo na dekio akasema, "Mama Kulwa, umeishia darasa la nne, lakini masikio unayo. Ukideki, sikiliza." Nilidhani ananitania. Hakuwa mtu wa utani.

Nilikuwa mhudumu, si nesi. Nilianza wodi ya wazazi, nikapelekwa ya wanaume, nikamalizia chumba cha wagonjwa mahututi, hukuhuku Shinyanga. Nakumbuka harufu ya dawa ya kudekia asubuhi, sare zimenyooka kwa wanga, na Matroni akipitisha kidole dirishani kutafuta vumbi. Siku zile nzuri sana.

Chumba kile kilikuwa na mashine ya kupumulia. Mapafu yakishindwa, mgonjwa huingizwa mpira kooni hadi kwenye njia ya hewa, mashine ikamsukumia pumzi. Kwenye ncha ya mpira kuna kipulizo kidogo kama puto, hujazwa hewa kuziba pembeni. Sista wa zamu alikipima kwa kifaa cha mviringo kama saa. "Kikibana sana kinachubua ndani," alinifundisha. "Hata tukipima, mpira ukikaa siku nyingi unaweza kuacha kidonda. Kikipona, kovu linakaza njia."

Masanja, mchimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo, alikaa na mpira ule siku nyingi kwa nimonia kali. Akapona, akaruhusiwa. Mkewe, Mama Shija, alicheza hadi getini.

Wiki kadhaa baadaye nikawakuta kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Masanja mabega juu, pampu ya pumu mkononi.

"Ni vumbi la mgodini, mayu," Mama Shija akaniambia, yaani mama, kwa Kisukuma. "Kote tulikopita wanasema pumu. Pampu ya tatu hii."

Hata mimi niliamini vumbi. Nikamsalimia Masanja salamu yetu ndefu ya Kisukuma, ya kuulizana nyumba, watoto, ng'ombe, mvua. Mtu yule hakuwa na salamu fupi. Siku hiyo alifika kwenye watoto, akakatika. Akavuta hewa, ikalia mluzi. Kwenye ng'ombe, mluzi tena. Wenye pumu niliowazoea hulia wakitoa pumzi. Huyu alilia akivuta.

Nikaacha dekio palepale, nikaingia kwa Daktari wa zamu bila hodi.

"Shikamoo, Mama Kulwa. Leo umekuwa daktari, unaingia bila hodi?"

"Marahaba. Sijawa. Ila yule Masanja aliye benchini si pumu, alikaa na mpira kooni. Njoo umsalimie Kisukuma."

"Mimi Mchaga, mama!"

"Basi msalimie Kichaga, mradi aongee!"

Alitoka anacheka. Alipoweka kipimo cha kusikilizia shingoni badala ya kifuani, kicheko kikaisha. "Oksijeni! Na gari, aende Mwanza sasa hivi."

Huko walimwingiza kamera, wakakuta njia imebaki kama mrija wa soda. Wakaipanua. Ikakaza tena, wakakata kipande wakaiunga. Masanja anapumua. Sauti inakwaruza, na mgodini harudi.

Nimestaafu sasa, magoti hayanitii. Nyinyi mnaofanya kazi wodini leo mna mashine zinazolia zenyewe, vizuri. Lakini Masanja tulimruhusu bila kumwambia mkewe kwamba koo linaweza kukaza baadaye. Hata mimi, niliyefundishwa, nilinyamaza.

Nilikwenda kumwomba radhi Mama Shija. Alikuwa anapepeta mahindi, hata hakuinua kichwa.

"Mimi nimeshajua, mayu," akasema. "Kawaambie wanaoruhusiwa leo."