Picha Iliyopigwa Bosi Akitoa Pumzi

Kliniki nzima walimwita Mama Vuta, na wala si kwa sababu ya sigara, maana hata moshi wa jiko ulimkohoza. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwapiga mbwa na paka eksirei za kifua, na hakubonyeza kitufe mpaka mnyama avute pumzi ijae. Alivuta naye! Ndani ya ile aproni nzito ya madini ya risasi, ya kukinga mionzi, macho mbavuni kwa mgonjwa, kifua cha paka kikipanda na chake kinapanda. "Vuta, mwanangu, vuta," kisha tap! Na kujisifu je? Usiseme. Picha yake hairudiwi, na daktari, kijana aliyemkuta kazini, hakuthubutu kumwambia arudie.

Asubuhi moja akaingia fundi cherehani, mzee mwembamba, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, amembeba mbwa wake Bosi. Kumbeba kwenyewe kulikuwa kichekesho, maana Bosi alikuwa mfupi, mnene, amejaa kama gunia. Wiki ya pili anakohoa.

"Nimebaki na huyu tu, mama," fundi alisema. "Tangu mke wangu afariki, nyumbani ni mimi na yeye."

Mama Vuta akamlaza Bosi ubavu, wakaanza kuvuta pumzi pamoja. Mara Bosi akajamba, tena kwa sauti! Mama Vuta akaangua kicheko, kidole kikabonyeza. Akaitupia picha jicho moja, akasema moyoni itafaa, akaipeleka.

Daktari aliiangalia kwenye kompyuta, uso ukabadilika. Mapafu yalitakiwa kuwa meusi kwa hewa, lakini yalikuwa meupe, na moyo umejaa kifua kizima. Akamwita fundi.

"Mzee wangu, pole. Moyo umetanuka, na mapafu naona yana maji. Sijui kama atamaliza mwezi."

Fundi akavua ile futi shingoni, akawa anaikunja na kuikunjua.

Mama Vuta, aliyesimama mlangoni, akaitazama picha vizuri kwa mara ya kwanza. Lo! Kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kilikuwa kimepanda mpaka kuukumbatia moyo. Mnyama aliyejaza pumzi haonekani hivyo hata siku moja. Mapafu yakiisha hewa huwa meupe, na moyo wa kawaida huonekana mkubwa. Aibu ilimshika mpaka masikioni. Angenyamaza, nani angejua? Lakini akamwona yule mzee na futi yake.

"Daktari, usimalize hiyo habari. Picha ni mbovu. Nimeipiga mbwa akitoa pumzi."

Daktari akaduwaa. "Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa nacheka. Alijamba."

Wakarudia, ubavu wa kulia, wa kushoto, na chali. Safari hii Mama Vuta hakucheka, ingawa Bosi alijaribu tena. Mapafu yakatoka meusi, safi kabisa, na moyo umetulia mahali pake.

"Moyo mzima," daktari akasema, akicheka kwa raha. "Shida ni bomba la hewa. Limebonyea kidogo, na mafuta yanazidi kulibana. Nitampa dawa ya kikohozi, mkanda wa shingoni mvue, na chakula kuanzia leo nusu."

Fundi akalia waziwazi, akambusu Bosi kichwani. Kisha akajifuta uso, akauliza kwa unyonge.

"Daktari, mimi bado napika sahani mbili kama zamani. Nikishindwa kula, Bosi anamaliza zote. Sasa hicho kinachobaki nitampa nani?"

Mama Vuta akamwangalia mzee kuanzia shingoni mpaka kwenye mkanda wa suruali uliotobolewa matundu mapya.

"Kula wewe, fundi," akamwambia. "Mbavu zako nazihesabu kutoka hapa, tena bila mashine."