Bwana Kimya Aanza Kusoma kwa Sauti

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya milima ya Mbinga. Kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, wanawake wanachambua punje mbovu na kuzitupa kando. Katikati yao amesimama Urbani Kapinga, koti limemzidi mabega, anasoma kitabu kwa sauti. Akifika mahali patamu husita makusudi, na mikono yote husita naye.

Urbani ni mtunza chumba cha vitabu hapa Mbinga. Mwaka jana, 1955, wasomaji wake walikuwa wa kuhesabika: walimu wawili, karani mmoja, na mzee aliyeingia kukwepa mvua. Basi wakubwa wa elimu wakatoa kauli. Watu wasipoongezeka hadi mwisho wa msimu huu wa kahawa, vitabu vitapakiwa kwenye lori na kurudishwa Songea.

"Nilijiona kama mtu aliyepika, kisha wageni wasije," ananiambia.

Kosa moja lilikuwa mlangoni, palipoandikwa neno KIMYA kwa herufi kubwa. Wengi hapa Kiswahili wamekipata shuleni na sokoni. Nyumbani ni Kimatengo. Duka la Nurdini limeandikwa NURDINI, kwa hiyo watu wakadhani Kimya ndiye mwenye nyumba. Urbani akawa Bwana Kimya, na nani ataingia kwa mtu asiyemjua, tena bila kualikwa? Mimi nilicheka sana. Yeye hakucheka.

Ndipo alipokumbuka sengu, yaani baraza ambapo wanaume wa ukoo wa Kimatengo hula pamoja na kuzungumza mambo yao, kila nyumba ikileta chakula chake. Pale huli cha kwenu ukaacha cha jirani; unaonja kila sahani. Urbani akaita sengu ya vitabu, akaalika hata wanawake, na Mzee Egidi, mkulima wa kahawa asiyezoea kula baraza moja na wanawake, akaguna tangu maji ya kunawa hadi ugali. Sharti lilikuwa moja: kila mtu aje na chakula na wazo, na wazo la mtu lisikataliwe mpaka yote yameonjwa.

Mawazo yakamwagika. Nurdini akasema vitabu vipande lori lake hadi Mbamba Bay, wavuvi wavisome huku wakingoja nyavu zikauke. Mzee Egidi, miguno imekwisha, akataka iwepo siku ya kuulizia magonjwa ya kahawa. Mmoja akapendekeza kila mwezi achinjwe mbuzi, na hilo nalo likaonjwa, kwa vicheko.

Mwishoni akasema Scolastika, mjane wa kaka yake Urbani, ambaye hakuwahi kukaa darasani.

"Shemeji, sisi mikono yetu ina kazi, lakini masikio hayana. Kwa nini usitufuate kule tuliko?"

Hivyo ndivyo Urbani alivyotoka chumbani kwake. Sanduku la vitabu sasa linashuka ziwani na kurudi likinuka usipa, dagaa wa Nyasa, na hana moyo wa kulalamika. Wanawake wa vichanjani nao, baada ya kusikiliza sana, wakataka kushika kitabu wenyewe, naye Urbani akaanza kuwafundisha herufi. Scolastika alikuwa wa kwanza kusoma sentensi nzima. Alipoimaliza alijifunika uso kwa kanga, akalia. Urbani haoni haya kusema kwamba alilia naye.

Lakini uamuzi bado. Mkaguzi wa elimu alikuja, akasikiliza, akaondoka, na kahawa iliyobaki vichanjani si nyingi. Nikamuuliza Urbani atafanya nini lori la kurudisha vitabu Songea likija.

Akafunga kitabu, akamtazama shemeji yake aliyekuwa ameinamia punje zake.

"Nitapakia mwenyewe," akasema. "Ila nitaomba kimoja kibaki. Scolastika anakisoma polepole, yuko katikati, na binti wa mle ndani bado anamtafuta mama yake. Siwezi kumnyang'anya kabla hajajua kama walionana."