Shati Jeupe, Sketi ya Bluu

Jumatatu nilikuwa Anderlecht, huku ughaibuni, kwenye shule ya serikali inayopokea vijana walioshindwana na shule za kawaida. Nilifuata fomu ya mpwa wangu. Kijana mwenye ndevu alimwita mwalimu kwa jina lake tupu, na mwalimu akaitika akicheka.

Mbele yangu kwenye foleni walisimama mama mmoja wa Bukavu na binti yake. Binti kavaa shati jeupe na sketi ya bluu iliyopigwa pasi ikanyooka. Alipoona wenzake wote wako na jeans, akavuta zipu ya koti hadi kidevuni.

Karani, Mkongo pia, akasema kwa upole: "Maman, hapa hakuna uniforme."

Mama akaweka kalamu chini. "Alors, batu ku njia batajua je kama huyu ni mwanafunzi?"

"Si lazima bajue, maman."

"Ni lazima! Kwetu, mutoto akitembea na uniforme à dix heures, saa ine ya asubuhi, kila maman anamuuliza: masomo iko wapi? Huyu amezunguka humu deux ans, miaka mbili. Hakuna muntu alimuuliza."

Binti akashusha zipu polepole.

Miaka yote hii najisifu kwamba hapa hakuna anayenifuatilia. Siku ile niliwakumbuka kwa hamu akina mama wa kwetu waliokuwa wakinirudisha darasani utotoni. Ndani ya treni ya metro, saa nne asubuhi, msichana wa rika lilelile alikaa mbele yangu, peke yake. Nikafungua mdomo nimuulize. Kisha nikakumbuka adabu ya hapa, nikainamia simu yangu.