Siku Nilipopika Sabuni Ndani ya Injini

Mimi ni mtu wa barabara, na naanza hapo kwa sababu aibu nitakayowasimulia ilianza na safari. Nilitoka kwetu Kendu Bay baada ya kidato cha nne nikiwa na begi moja na spana mbili za marehemu baba, nikaenda Mombasa, nikajifunza ufundi wa magari Changamwe, nikachoshwa na joto nikahamia Malindi (ambako kuna joto zaidi, lakini sikuwa nimeuliza), kisha Nakuru, kisha Tororo, kisha Mwanza, na kila mji niliouacha niliutamani nikiwa katika mji uliofuata. Mwanza ndiko fundi mmoja mzee alikonionyesha chupa ya maji yenye vibati vya chuma ndani, nyaya mbili kutoka kwenye betri, na mpira mwembamba uliotoka kwenye kifuniko. Akaunganisha nyaya, maji yakaanza kutoa vipovu kama yanachemka.

"Hiyo ni haidrojeni, kijana," akaniambia. "Umeme unayapasua maji. Ipeleke kwenye injini ichanganyike na petroli, gari litakula kidogo."

Nilikuwa na miaka karibu arobaini na hakuna aliyeniita kijana kwa muda mrefu, kwa hiyo nilimwamini.

Nikiwa na wazo la chupa hiyo kichwani nilipanda tena gari, nikalala Migori, nikafika Kisii asubuhi ya baridi, nikanunua ndizi nikazila nimesimama, na kwa sababu hakuna aliyekuwa ananingoja popote nikasonga mbele hadi Sironga, karibu na mji wa Nyamira. Hapo nikapanga chumba kwa Mama Moraa, mjane Msabato mwenye shamba la chai, migomba, na pikapu kuukuu aliyoachiwa na mumewe. Aliiendesha mwenyewe kupeleka ndizi Kisii, mikono yote miwili kwenye usukani, kitambaa kichwani, na wanaume walikuwa wakimpisha. Hadi siku ya kisa hiki nilikuwa nimekaa kwake miezi minane, jambo ambalo kwangu ni kama miaka minane kwa mtu mwingine.

Shida ya pikapu ile ilikuwa petroli. Ilikunywa hadi majirani wakajua. Siku moja akaja shemeji yake kutoka Masimba, Mzee Omwenga, kaka wa marehemu, mtu wa suti na kofia, akakaa barazani na kusema aliyoyajia.

"Mama Moraa, hii gari inakula kuliko ng'ombe, na ng'ombe angalau hukamuliwa. Tuiuze kama vyuma."

"Na ndizi zangu nitabeba na nini, shemeji? Na kichwa?"

"Kina mama wengine hubeba na nini?"

Mama Moraa akageukia uani. Nilimwona akiitazama ile pikapu kama mtu anavyomtazama mgonjwa wake, nikajua kwamba ikienda, hatabaki na kitu kingine cha kumtoa nje ya boma lile. Basi mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mzee, nipe mpaka Jumapili. Nitaifanya inywe maji."

Mzee Omwenga akanigeukia polepole. "Huyu Omogere anasema nini?" (Omogere ndilo jina la Mjaluo kwa Kikisii, na siku hiyo alilitamka kana kwamba limekaa mdomoni kwa bahati mbaya.)

Nikaeleza habari za haidrojeni. Nilieleza vizuri, jamani, hata mimi nilijisikia. Mwishowe mzee akasema atakuja Jumapili na mtungi wake, atatia lita tano kwa mkono wake, na pikapu itoke Sironga hadi Masimba na kurudi ikiwa na mzigo. Ikirudi, hatafungua mdomo tena. Ikikwama, Jumatatu inauzwa.

Kilichokosekana ni chombo cha kioo kinachofunga vizuri, na Sironga nzima kilikuwa kimoja tu: gudulia la Mama Moraa la samli, ile anayoitia kwenye mboga za chinsaga wageni wakija. Ijumaa jioni alilikomba likaisha, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Fundi, lioshe sasa hivi na maji moto. Jua likizama Sabato imeingia, sitawasha moto tena."

Nikaitikia ndiyo. Lakini majirani wawili walikuwa wamesimama langoni wakitaka kusikia habari za yule mzee wa Mwanza, na mimi nikianza habari za Mwanza lazima nipitie Tororo, basi jua likazama nikiwa bado Tororo. Huo ndio uamuzi wenyewe uliozaa yote, kuongea badala ya kuosha.

Jumamosi wote walikwenda kanisani. Nikalisuuza gudulia kwa maji baridi ya bomba, mafuta yakabaki kwenye kioo kama ukungu, nikajiambia hayadhuru. Halafu nikakumbuka kwamba maji matupu hayapitishi umeme vizuri, yanataka dawa, na ile dawa ya dukani sikuwa nimenunua, na Sironga siku ya Sabato hupati hata msumari. Nikazunguka jikoni nikaona magadi, yale wanayolainishia mboga. Magadi pia yanapitisha umeme! Nikatia konzi mbili, nikatoboa kifuniko matundu mawili, la nyaya na la mpira, nikafunga kila kitu, nikaunganisha kwa dakika chache. Vipovu vikaja. Nikavikinga kwenye kikombe, nikavisogezea kiberiti, vikalia pwaa! Nikalifunga gudulia chini ya boneti, mpira wake kwenye kichujio cha hewa, nikacheka peke yangu uani. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile katika mji wowote.

Jumapili Mzee Omwenga akaja na suti ya kijivu, akamimina lita zake tano bila kumwaga tone, akaketi katikati yetu. Mama Moraa akashika usukani. Nyuma kulikuwa na mikungu ya ndizi imejaa. Na nawaambieni, ile pikapu ilitoka Sironga kama kijana aliyetumwa kwa wakwe. Ilipanda vilima bila kukohoa. Mzee alitazama mshale wa petroli, akanitazama mimi, akatazama mshale tena.

"Inaenda," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Itaenda mpaka Sotik ukitaka, mzee," nikajibu, mkono wangu nimeutoa dirishani nikiwapungia watu nisiowajua.

Hatukufika mbali baada ya hapo. Tulipoingia Masimba, penye maduka na bodaboda, watu wakitoka misa, injini ikapiga chafya. Ikapiga ya pili. Ikazima katikati ya barabara, na chini ya boneti kukaanza kutoka kitu cheupe, polepole, kikitambaa juu ya taa kama maziwa yanayofurika sufuriani.

"Fundi," Mama Moraa akasema kwa sauti ndogo, "hicho ni nini?"

Kwa kweli sikujua. Nikashuka nikafungua boneti, na povu likanijia kifuani. Povu jeupe, zito, limejaa kote, limefuata mpira hadi kwenye kichujio cha hewa, na bado gudulia lilikuwa linatema.

"Budaa, gari inaoga!" kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele.

"Mletee taulo!"

"Na mafuta ya kujipaka!"

Watu wakajaa. Nilichotakiwa kufanya ni kuzima swichi kwanza na kungoja, hata mwanafunzi wa karakana analijua hilo, lakini mtu anayechekwa hana subira, nikashika waya wa betri nikaung'oa. Cheche ikaruka. Na yale mapovu, ndugu zangu, hayakuwa povu la kawaida, kila kipovu kilikuwa kimejaa haidrojeni niliyoitengeneza kwa mikono yangu.

PAA! Halafu pa-pa-pa-PAA! kama mahindi ya kukaanga ya jitu. Waumini wakalala chini na nguo zao za Jumapili. Mama wa nyanya akakimbia akaacha nyanya. Mzee Omwenga alitoka kupitia dirishani (mlango ulikuwa mzima, lakini alichagua dirisha) akaangukia mtaroni, kofia ikabaki barabarani. Mimi nilibaki nimesimama, nyusi zimekwenda, povu likining'inia kidevuni.

Mama Moraa akaja, akachota povu kwa vidole viwili, akalisugua, akalinusa.

"Fundi. Gudulia uliliosha na maji moto?"

"...Ya baridi."

"Na dawa ulitia gani?"

"Magadi. Ya jikoni."

Akafumba macho. "Mafuta na magadi, na joto la injini. Hata bibi yangu alijua kupika hiyo. Umenipikia sabuni."

Masimba nzima ikacheka. Walicheka wakiinuka kutoka chini, wakijipangusa vumbi, na kutoka siku hiyo sikuwa na jina lingine, nikawa Fundi Sabuni kutoka Masimba mpaka Nyamira.

Lakini ngojeni, maana hapa ndipo najivunia, na nyusi zilishaota. Mzee Omwenga alikuwa akipanda kutoka mtaroni akisema, "Kesho inauzwa! Kesho hiyo hiyo!" nami nikainama nianze kupangusa, kwa sababu nikiharibu kitu cha mtu sikikimbii, hiyo ndiyo heshima pekee niliyotembea nayo kutoka Changamwe. Nikaona jambo. Povu lilikuwa limefunika injini yote sawasawa, isipokuwa mahali pamoja chini ya kabureta, ambapo palikuwa na mstari mwembamba ulioyeyushwa, safi, kama njia ya machozi kwenye uso wenye poda. Nikagusa, nikanusa. Petroli. Mpira wa kuileta ulikuwa na ufa nyuma, petroli ilidondoka juu ya chuma cha moto na kukauka kabla mtu hajaiona, na kwa miezi minane niliyolala hatua kumi kutoka kwa pikapu ile sikuwahi kuinama kuukagua kwa sababu nilikuwa nawaza habari za haidrojeni. Cheche ile ingetua hapo, hakuna ambaye angekuwa anacheka.

Nikamwita Mama Moraa, nikamwonyesha. Alitazama kwa muda, kisha akageuka.

"Shemeji, njoo uone. Gari haikuwa inakunywa. Ilikuwa inamwaga. Pima tena."

"Tulikubaliana ikikwama—"

"Imekwamishwa na sabuni ya Fundi. Wewe ulikuja kupima gari. Pima gari."

Mzee akainama, suti ikiwa na tope mpaka magotini, akanusa ule mstari mwenyewe. Akakaa hapo. Watu wakasogea kumsikiliza.

"Mimi ni mkali," akasema mwishowe, "lakini si mwongo. Omogere, tengeneza."

Nilinunua mpira mpya hatua chache kutoka pale, nikatoa mtambo wangu wote mbele ya macho ya watu, nikasafisha kabureta na kichujio, na jua lilipoanza kuegemea injini ikawaka. Jumatatu mzee akamimina lita tano nyingine. Pikapu ikatoka Masimba na mzigo, ikafika Sironga, ikarudi, na mshale ulikuwa haujalala. Wapo waliosema ni ile dawa ya maji iliyobaki ndani. Ningeweza kunyamaza nikawa shujaa. Nikawaambia hapana, ni mpira wa urefu wa shubiri moja, na ule umeme wa kupasua maji nao unatoka kwenye petroli ile ile, huupati bure.

Nilikaa mwaka mwingine mzima, sijui kama mnaelewa uzito wa hilo. Kisha mama yangu akaanza kuuliza kwenye simu ni lini nitajenga kwangu, na Jumatatu moja nikafunga begi. Mama Moraa akanipeleka mwenyewe mpaka Kisii kwa pikapu yake, na Mzee Omwenga akaja kuniaga amevaa suti ile ile, doa la tope bado likiwa gotini.

Nilipokuwa nashuka, Mama Moraa akatoa kitu chini ya kiti. Lilikuwa lile gudulia, limejaa samli hadi shingoni, yale matundu yangu mawili kwenye kifuniko ameyaziba kwa vigunzi vya mahindi. Akanipa kwa mikono miwili, nami nikapokea kwa mikono miwili.

"Ikiisha," akasema, "maji moto."

Na tangu siku hiyo, kabla sijafungua boneti ya mtu yeyote, nainama kwanza, nanusa.